Umekuta rili za filamu Mombasa? Usizicheze bado

Mtu akikuta rili ya zamani, jambo la kwanza linalomjia ni kutafuta projekta. Liache kwanza. Filamu iliyokaa miongo katika joto la pwani huenda imesinyaa hadi matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, na projekta ikishashika mwendo huuchana mkanda futi kwa futi kabla hujaifikia swichi. Kilichonusurika miaka 50 kabatini huishia hapo, mbele ya familia nzima iliyoketi kutazama.

Mwongozo huu ni wa yule aliyeachiwa kasha na marehemu babu yake, mwenye studio ya picha iliyofungwa, fundi aliyepewa mikebe kutoka stoo ya jumba la sinema, au mwalimu anayetaka kuanzisha hifadhi ndogo mtaani kwake. Nimefuata mpangilio wa watu wa hifadhi kubwa: kutambua, kuandika, kutuliza, kunakili, na mwisho kabisa kukarabati. Wengi wetu hupenda kuanzia ukarabati kwa sababu ndiko kwenye sifa. Mombasa, kazi inayookoa filamu ni ile ya katikati isiyo na sifa yoyote: kuiweka pakavu, pabaridi, ikiwa na jina.

Jambo moja kuhusu utakachokikuta. Mji huu ulipenda sinema, na majina ya Regal, Majestic na Naaz bado yako midomoni mwa wazee. Lakini filamu za Bombay na Kairo zilizoonyeshwa humo zilikuwa za kukodi. Zikimaliza zamu yake zilirudishwa kwa msambazaji au kupelekwa mji mwingine. Kwa hiyo usitarajie hazina ya filamu za Kihindi. Zinazobaki majumbani ni harusi, safari za Malindi, ufunguzi wa maduka, gwaride, meli zikishusha mzigo Kilindini, watoto wakioga Mama Ngina. Filamu ya kukodi huenda ina nakala nyingine London au Pune. Harusi ya shangazi yako ina nakala moja tu, hiyo uliyoishika.

Hatua ya 1: Fungulia nje, nusa, kisha pima

Peleka mkebe penye kivuli na upepo: barazani, roshani, au juu ya dari jua likishateremka. Kifuniko kikiwa kimeshikwa na kutu usikipige nyundo. Pitisha ncha ya kijiko ukizunguka ukingo taratibu, mkebe ukiwa umelala, ili vumbi la kutu lisidondokee mkanda. Likiingia kati ya mizunguko linakwaruza picha kila unapoukunjua.

Sasa chukua rula. Upana wa milimita 35 ni filamu ya majumba ya sinema. Milimita 16 ilitumiwa na serikali, televisheni, shule, makampuni na familia zenye uwezo. Milimita 8 ni ya nyumbani, nayo iko namna mbili: ile ya kawaida ina matundu makubwa yanayokaa kwenye mstari kati ya picha na picha, na Super 8, iliyotoka mwaka 1965, ina matundu madogo yanayokaa katikati ya ubavu wa kila picha. Kirili cha Super 8 cha futi 50 ni dakika 3 na sekunde 20 tu. Rili ya milimita 16 yenye futi 400 ni kama dakika 11. Kwa hesabu hiyo utajua kasha zima lina saa ngapi bila kucheza hata sekunde moja.

Ukipata milimita 35, simama hapo na uangalie ukingo wa mkanda kwa kioo cha kukuzia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu za upana huo zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu kinachowaka vibaya sana na kujitengenezea oksijeni yake chenyewe, kiasi kwamba maji na mchanga havizimi. Neno NITRATE ukingoni linatosha kukuondoa. Neno SAFETY linatuliza roho, lakini si kikamilifu, kwa sababu maandishi ya ukingoni wakati mwingine hunakiliwa kutoka filamu mama. Mkanda wenye kunata, unaotoa mapovu au unga wa kahawia, usiuweke ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Utenge mbali na watu na jua, piga simu zimamoto na hifadhi ya taifa, na usikubali mtu akate kipande akiwashe kiberiti “tuone kama ni yenyewe.” Wapo mafundi wanaofanya hivyo, na hushangaa wakikatazwa.

Filamu za milimita 16 na 8 kwa kawaida zilitengenezwa tangu mwanzo kwa asetati, ambayo haina hatari hiyo. Ina yake.

Hatua ya 2: Harufu ya siki

Asetati ikikutana na joto na unyevu huvunjika na kutoa asidi ya siki. Asidi hiyo hiyo ndiyo inayoharakisha kuvunjika kwa sehemu iliyobaki, na kwa kuwa ni mvuke, huhamia rili ya jirani. Ndiyo maana kasha moja lenye rili moja mbovu huwa kasha bovu zima.

Taasisi ya Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, imekadiria kwamba asetati mpya ikikaa kwenye nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50 huchukua kama miaka 40 kabla siki haijaanza. Hapa kwetu nyuzi 21 ni baridi ya alfajiri ya mwezi wa Julai, kusi likivuma, na unyevu wa hewa hupita asilimia 70 bila kujitahidi. Kasha la mwaka 1965 lililokaa chini ya mabati huko Majengo limeshamaliza umri wake kitambo. Ukilikuta halinuki, basi kuna mtu aliliweka vizuri, na unapaswa kujua ni kabati lipi.

Taasisi hiyo hutengeneza vikaratasi vya kupimia asidi. Unakiweka ndani ya mkebe, unafunga, unaacha siku nzima au zaidi. Kikibaki bluu, filamu ni salama, kijani, imeanza, njano, imekwenda. Kipimo kina daraja kutoka 0 hadi 3, na daraja la 1.5 ndilo la kukumbuka: kuanzia hapo asidi inajiendesha yenyewe, na rili hiyo inapanda kwenye foleni ya kunakiliwa. Kama huna vikaratasi, tumia pua na macho. Mkanda wenye afya hulala bapa. Mgonjwa hujikunja kingo kama jani kavu, huwa mgumu, hutoa unga mweupe, na mizunguko yake hupinda ukitazama kwa juu badala ya kuwa duara safi.

Gawa mafungu matatu: yasiyonuka, yanayonuka, na yaliyopinda. Yakae vyumba tofauti, au angalau kabati tofauti. Mikebe yenye kutu itupe, lakini piga picha maandishi yake kwanza, pande zote. Nunua mikebe ya plastiki ya polipropilini yenye matundu ya hewa. Na katika joto la chumbani usifunge filamu inayonuka ndani ya mfuko wa plastiki ukidhani unaikinga. Unaikoroga katika asidi yake.

Kuna plastiki ya tatu, poliesta, ambayo hainuki wala haipindi. Itambue kwa kuinua rili nzima usawa wa taa: poliesta hupitisha mwanga ubavuni, asetati huwa giza. Poliesta haikatiki kwa mkono. Ukiivuta kwa nguvu, kinachokatika ni mashine.

Hatua ya 3: Andika kabla ya kugusa zaidi

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko unavyotaka kukaa. Picha inaweza kudumu miaka mingine 100 kwenye baridi. Anayejua yule bwana mwenye kofia ya bulibuli ni nani ana miaka 84, na hahifadhiwi kwenye friji.

Kila rili ipe namba, nayo iandikwe kwa penseli kwenye kipande cheupe cha mwanzo wa mkanda na kwenye mkebe. Daftarini weka namba, upana, urefu wa kukadiria, hali, harufu, rangi au nyeusi na nyeupe, kama kuna sauti, na neno kwa neno kilichoandikwa kwenye mkebe. Mombasa maandishi hayo huja kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, kwa Kigujarati, kwa Kiingereza cha karani, na pengine yote matatu kwenye bati moja. Usitafsiri bila kunakili. Piga picha, tafuta mtu wa mtaa anayesoma hati hiyo, na andika alivyosoma pamoja na jina lake.

Ukingo wa mkanda wa Kodak una alama ndogo za duara, pembetatu na mraba zinazotaja mwaka wa kiwanda. Zinarudiwa kila baada ya miaka 20, hivyo zitakwambia ni 1947 au 1967, na wewe utaamua kwa kuangalia magari. Matangazo ya dukani, sare za polisi, nambari za gari, majengo ambayo bado hayajajengwa nyuma ya harusi, vyote ni kalenda. Kama pembe za Moi Avenue zinaonekana, kwa mfano, filamu ni ya mwaka 1952 au baadaye, maana ndipo zilipoanza kusimamishwa kwa ziara ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza.

Kwa kuwa rili bado hazichezwi, mwonyeshe mzee picha moja moja. Kunjua mkono mmoja wa mkanda juu ya karatasi nyeupe yenye taa nyuma, piga picha kwa simu kupitia kioo cha kukuzia, ikuze, mpe. Usimwulize “Huyu nani?” mara ya kwanza. Mwambie, “Bi mkubwa, hebu nieleze hapa ni wapi.” Akishapajua mahali, watu huja wenyewe, na huja na ukoo wao. Mwingine atakwambia, “Hapa ni Kibokoni, nyumba ya kina fulani, na yule nyuma si mgeni, ni mke wa pili.” Rekodi sauti kwa ruhusa yake, taja tarehe na namba ya rili mwanzoni mwa rekodi, na maneno ya siri za ukoo yaandike daftari jingine.

Hatua ya 4: Usafi, na kipimo cha kusinyaa

Vaa glavu za pamba au za nitrili, shika mkanda kwa kingo, uzungushe kwa mkono kutoka rili moja kwenda nyingine bila mashine yenye meno. Kitambaa laini kisichotoa nyuzi kipitishwe kikavu. Usitumie spiriti ya dukani, mafuta ya taa wala dawa ya vioo.

Kuvu ni jirani yetu wa kudumu, hasa baada ya mvua za masika. Ukiona utando mweupe au nyuzi kama buibui, vaa barakoa, nenda nje, acha mkanda ukauke kwanza penye hewa kavu, kisha ufagie kwa brashi laini. Maji hapana kabisa. Kuvu hula jelatini inayobeba picha na kuifanya iyeyuke majini. Ukifuta kwa kitambaa kibichi unaondoka na sura ya bibi harusi.

Viungo vilivyoachia vifungwe kwa tepu maalumu ya filamu. Selotepu ya dukani huvuja gundi, na kwenye joto letu gundi hiyo hushikanisha mizunguko mitatu kwa mpigo.

Kusinyaa kunapimika kwa rula ya mshona nguo. Kwenye milimita 16, picha 100 zinapaswa kuchukua takriban sentimita 76.2. Laza mkanda bapa mezani bila kuuvuta, hesabu picha 100, pima. Ukisoma 75.4, imesinyaa asilimia 1, yaani picha 100 zimepungukiwa na nafasi ya picha moja nzima. Kuanzia hapo isiguse mashine yoyote yenye meno, awe nani anayekuhakikishia kwamba yake ni laini. Pima sehemu tatu, mwanzo, kati na mwisho, maana mzunguko wa nje hukauka tofauti na wa ndani.

Hatua ya 5: Mahali pa kuweka

Hifadhi ya taifa ya filamu ya Uingereza, BFI, ina ghala huko Gaydon linalokaa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri na unyevu wa asilimia 35. Sisi hatuna hilo. Tunacho chumba, kabati na friza, na tofauti kati ya chumba kibaya na kizuri Mombasa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Anza kwa kuondoa pabaya. Chini ya mabati ni jiko. Ghorofa ya chini Mji wa Kale, ukuta wa matumbawe hunyonya maji na kutokwa jasho la chumvi. Kabati lililoegemezwa hapo huoza mgongo. Jikoni na karibu na bafu, usifikirie. Chagua chumba cha ndani, ghorofa ya kati, kabati la chuma lililopakwa rangi na kuachwa likauke wiki kadhaa, liwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja na juu ya sakafu kwa tofali. Nunua kipima unyevu kidogo cha bei nafuu, soma asubuhi na jioni, andika.

Kiyoyozi husaidia kikiwa hakizimwi. Ofisi nyingi hukiwasha saa mbili asubuhi na kukizima saa kumi na moja, na usiku hewa ya bahari inaingia kwenye chumba kilichopoa na kuacha umande juu ya kila kitu. Kwa filamu, ni afadhali chumba chenye joto lisilobadilika kuliko hicho.

Suluhisho la mtu wa kawaida ni friza, na linafanya kazi vizuri likifuatwa sawasawa. Kwanza acha mikebe, ikiwa wazi, kwenye chumba kikavu chenye kiyoyozi kwa siku kadhaa ili mkanda upunguze unyevu wake. Ukiugandisha ukiwa na unyevu, unagandisha na maji. Funga mkebe, uutie kwenye mfuko mzito wa plastiki wa kufungia vyakula, kamua hewa, ziba. Juu yake weka kadi inayobadilika rangi kwa unyevu, kisha mfuko wa pili. Kadi ikae kati ya mifuko miwili, upande unaoonekana bila kufungua. Ikibadilika rangi, mfuko wa nje umetoboka, na bado una wa ndani wa kukulinda. Katika baridi hiyo plastiki haidhuru kama chumbani, kwa kuwa asidi karibu inasimama.

Kutoa ndiko kunakoharibu filamu nyingi. Toa mfuko, uweke mezani, usiufungue hadi kesho yake saa ile ile. Ukiufungua ukiwa baridi, hewa yetu nzito itageuka maji juu ya jelatini mbele ya macho yako, kama inavyofanya kwenye chupa ya soda.

Na stima? Ikipotea saa chache, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hubaki baridi. Ikipotea siku mbili, mifuko ikiwa imezibwa, filamu itapata joto polepole na kurudi baridi, hasara ndogo. Hatari ni barafu kuyeyuka na mikebe kuogelea, kwa hiyo iweke kwenye treya zilizoinuliwa, na friza iwe ya aina isiyojenga barafu. Isitumike kwa kitu kingine. Rili na papa mbichi haviwezi kulala pamoja, na mama mwenye nyumba atafungua mlango huo mara ishirini kwa siku.

Kanda za video ni habari nyingine, na fupi. Hizi usizigandishe, mafuta yake hujitenga kwenye baridi kali. Chumba kikavu na poa kinatosha, kaseti zikisimama wima. Lakini zina haraka kuliko filamu, kwa sababu filamu unaweza kuitazama kwa taa hata miaka 200 ijayo, ilhali kanda bila mashine ni plastiki tupu. Kiwanda cha mwisho kilichotengeneza mashine za VHS, Funai ya Japani, kiliacha mwaka 2016. Kama una mashine nzima, ithamini. Kaseti yenye kuvu usiitie humo, itaambukiza zote zitakazofuata.

Hatua ya 6: Kunakili

Kurekodi picha ukutani kwa simu huku projekta ikizunguka si kunakili. Tafuta skana ya filamu, inayopiga kila picha peke yake, na kama rili zako zimesinyaa, iwe ile inayosukuma mkanda kwa magurudumu laini bila meno. Kabla hujamwachia mtu kasha lako, mwulize mambo matatu: mashine yako ina meno? Nitapata faili ghafi isiyorekebishwa? Na utanirudishia mkanda wenyewe? Akisita kwenye lolote, chukua kasha lako.

Kwa milimita 8, upana wa picha wa 2K, yaani nukta kama 2,000, unatosha. Milimita 16 inafaidi hadi 4K, mara mbili ya hapo, ikiwa ni negativu (mkanda wenyewe uliopigwa kwenye kamera) au nakala nzuri. Taja pia kasi: milimita 8 ya kawaida ilipigwa mara nyingi kwa picha 16 kwa sekunde, Super 8 kwa 18, yenye sauti kwa 24. Fundi asiyejua hili atakurudishia wazee wanaokimbia harusini kama wanafukuzwa.

Faili ghafi ni kubwa. Picha moja ya 2K katika DPX, muundo unaoweka kila picha kama faili yake, ni kama megabaiti 12, na kwa picha 24 kila sekunde, saa moja hupita terabaiti 1. Kwa hiyo hifadhi nyingi hutumia FFV1, njia ya kubana video bila kupoteza kitu, ndani ya faili ya aina ya Matroska (.mkv). MP4 ni ya kutazama na kutuma kwa jamaa, si ya kuhifadhi. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya Mombasa kwa ndugu wa Nairobi au Dar es Salaam. Tengeneza alama ya ukaguzi (checksum) ya kila faili, yaani namba ambayo programu huikokotoa kutoka kwenye faili yenyewe, na kila mwaka uikokotoe tena kuona kama kuna kilichobadilika. Diski hufa kimya kimya; panga kuhamia mpya kila baada ya miaka mitano hivi. Flashi ya kununua barabarani ni ya kubebea nyimbo.

Na baada ya yote hayo, mkanda usitupwe. Watu huona wameshapata faili, kasha linakwenda jaani Mwakirunge. Skana za kesho zitaona zaidi ya za leo, na mkanda unaokaa kwenye baridi utaishi kuliko diski yoyote uliyonunua.

Hatua ya 7: Ukarabati

Hifadhi haikarabati kila kitu. Haina fedha wala sababu. Ikiamua, kazi huanza kwa kutafuta nakala zote zilizopo duniani na kuchagua iliyo karibu zaidi na negativu ya kamera. Metropolis ya Fritz Lang, ya mwaka 1927, ilikatwa baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza na sehemu zake zikadhaniwa zimepotea, hadi mwaka 2008 nakala ya milimita 16 iliyo karibu kamili ilipotambuliwa Buenos Aires. Ilirejeshwa na kuonyeshwa Berlin mwaka 2010, na sehemu zile bado zina mikwaruzo mizito, kwa sababu mikwaruzo ilikuwa kwenye nakala mama na ikapigwa picha pamoja na waigizaji. Kwaruzo la juu ya mkanda hutibika: skana nyingine hupitisha filamu ndani ya kimiminika kinachojaza mfereji na kuufanya usionekane. Kwaruzo lililopigwa picha halioshwi.

Rangi nazo hufifia kwa utaratibu wake. Nakala nyingi za rangi za miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1980 zimegeuka waridi, kwa kuwa rangi ya samawati hutangulia kufa. Kwenye kompyuta unaweza kuirudisha kiasi ikiwa kuna chochote kimebaki. Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ikiwa imekaa gizani, kinyume chake, inaweza kukushangaza kwa kung’aa.

Msimamo wangu: ondoa vumbi, tuliza mtikisiko, rekebisha rangi kwa kulinganisha na kitu unachokijua, kama nguo iliyobaki sandukuni, na komea hapo. Programu zinazopaka rangi filamu nyeusi na nyeupe au kubuni nyuso kali mahali palipokuwa na ukungu zinakupa watu ambao hawakuwepo. Ukitaka kuzitumia kwa furaha ya familia, sawa, lakini faili iandikwe wazi kwamba imebuniwa, na isikae folda moja na ghafi.

Hatua ya 8: Nani ana haki ya kutazama

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya picha na sauti hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, ukihesabu ule wa mwisho. Kumiliki mkebe si kumiliki hakimiliki. Filamu aliyopiga mpiga picha wa kulipwa inahitaji kuulizia pande zote mbili kabla ya kuitoa hadharani.

Hapa Mombasa kuna swali zito kuliko la sheria. Filamu na kanda nyingi za harusi zina kupamba: wanawake peke yao, bila buibui, nywele na mapambo nje, wakicheza. Walikubali kupigwa picha kwa sababu walijua nani atatazama. Kifo cha mwenye kanda hakifuti makubaliano hayo. Kazi ya kuzipitia, kuziandika na kuzinakili apewe mwanamke, fundi wa skana akiwemo kama inawezekana, daftarini ziwekwe alama ya kufungwa, na kipande chake chochote kisipande mtandaoni eti kwa sababu ni “historia.” Hifadhi za kweli zina rafu zilizofungwa kwa miaka mingi na hazioni aibu. Ukikuta sehemu ya kupamba na sehemu ya nikaha kwenye rili moja, usikate mkanda. Kata kwenye nakala ya kutazama tu.

Ukifika pa kukabidhi, waulize Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka Nairobi, Makumbusho ya Taifa kupitia Fort Jesus, au chuo kinachofundisha historia ya pwani. Nenda na daftari lako, si na kasha. Atakayesoma orodha na kuuliza kuhusu harufu ya siki anajua kazi yake. Omba kuona chumba chao cha kuwekea, na uangalie kama kiyoyozi kinawaka. Mapatano yaandikwe: unatoa moja kwa moja au unaweka amana, nani anaruhusiwa kutazama nini na hadi lini, nani atalipia kunakili, familia itapata nakala gani, na filamu zitakwenda wapi endapo taasisi itafungwa au kuhama. Yasainiwe na watu wawili wa familia, wa vizazi viwili tofauti.